Idadi ya Ng'ombe

Basi lilipotoka stendi ya Same, Jenifer, binti kutoka kijiji cha Myamba, alikuwa akimwonyesha mfugaji Lemayian kiprogramu alichokitengeneza kifunguke humo humo ndani ya Telegramu. Mpangaji gani huhamia na nyumba yake ndani ya nyumba ya mwenzake? Ndicho kiprogramu hicho. Ukipotelewa na ng'ombe unajaza visanduku vyake, na kundi zima la wafugaji linaona.

Mtamba wa Lemayian alipotea jana, na kesho ni mnada; aliogopa asije akauzwa.

“Baba, una ng'ombe wangapi?” Jenifer akauliza. “Ng'ombe hawahesabiwi, binti yangu, wataisha. Andika mwekundu, tumbo jeupe, sikio la kushoto limekatwa ncha.” “Kisanduku cha idadi kikibaki kitupu, kiprogramu hakiendi mbele.” “Nani kakikataza?” “Mimi, nilipokitengeneza,” Jenifer akajibu, na sauti ikapungua. “Kukirekebisha mpaka nifike kwenye kompyuta, keshokutwa. Tuweke moja tu, ya uongo.” “Moja! Wafugaji wote wasome kwamba Lemayian ana ng'ombe mmoja, na huyo mmoja kampoteza?”

Mimi, niliyeketi kiti cha nyuma yao, nilicheka ndani ya kanga.

Basi likasimama Maore. Lemayian akashuka, akagonga dirisha kwa fimbo. “Andika rangi tu!” Jenifer alikuwa bado anatazama kile kisanduku kitupu cha idadi.