Vestina Telesfori, Mama Aliyemngoja Aline

Vestina alizaliwa Katumba tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Telesfori na Mama Athanasie, wakulima. Alimaliza darasa la saba mwaka 2001, akajifunza ushonaji parokiani, na cherehani ikamlisha hapa Nsemulwa. Nusu ya magauni yaliyoketi kwenye msiba huu kayashona yeye.

Mwaka 2007 alifunga ndoa na Cletus, fundi baiskeli. Mwaka 2009 wakampata Aline.

Ugonjwa ulibisha hodi mwaka 2011. Wiki mbili halali, anashona, anacheka, anagawa vitambaa vya wateja. Kisha mwezi mzima hainuki, hata kuoga ni mlima. Wengine walisema karogwa. Hospitali ndiyo iliyoutaja: baipola, maradhi ya akili yanayompandisha mtu na kumshusha. Mwaka uliofuata, akiwa amepanda, alimfunga Aline mgongoni akashika njia kwa miguu kwenda Majimoto kumsalimia bibi wa mtoto, mama yake Cletus. Alikutwa mbali akiimba, miguu inavuja damu, mtoto hoi kwa kiu. Wazee wakakaa, wakaamua Aline alelewe na bibi yake huko Majimoto. Vestina hakubisha.

Basi akaanza kungoja. Kila Krismasi alimshonea mwanawe gauni, akilipima kwa binti wa jirani yake Masalu, na kila mwaka jibu likarudi: ni fupi. Binti wa Masalu ni mfupi, jamani! Vestina alicheka, akashona tena. Vidonge alimeza kila jioni, hata vilipomtetemesha mikono na uzi ukakataa kuingia kwenye sindano.

“Nyie niacheni nitetemeke,” alisema. “Nikiacha dawa, Aline harudi.”

Asubuhi Cletus alimtania: “Mama Aline, leo umepanda au umeshuka?”

“Leo niko tambarare. Lete chai.”

Januari 2024 Aline alirudi kwa hiari yake, na begi lake kichwani. Ugonjwa haukuhama. Siku mbaya zilipokuja, binti alimpelekea mama uji kitandani, akakaa naye.

Oktoba 2025 homa ya mapafu ilimlaza Vestina. Alifariki hospitalini Mpanda tarehe 9 Novemba, mkono wake mkononi mwa Aline. Alikuwa amemwambia, “Nimeishi na wewe tena, mwanangu. Imenitosha.”

Ameacha mama mzazi, Athanasie, mume, Cletus, na mtoto mmoja, Aline, wa kidato cha tatu. Vestina hakuwa mwongo, ila aliposema imemtosha alidanganya. Haikumtosha, wala Aline haikumtosha. Mungu ampumzishe kwa amani.