Nilisema Nimejidunga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mlioketi, asifiwe na mliosimama, na asifiwe zaidi na mimi ambaye kuna wakati hata kuketi kwenyewe nilikuwa siwezi!

Wacha nianze na ile sehemu ya aibu, niitoe mbele, anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee. Nilidungwa sindano makalioni. Si na daktari. Si na nesi. Nilidungwa na mfuko wa takataka, nikiwa nimeukalia mwenyewe kwa hiari yangu. Halafu kwa sababu ya neno moja tu nililolitamka vibaya, watu wa kanisa wakaja nyumbani kuniombea niache madawa ya kulevya, na mimi nikaitikia Amina kuwashinda wote.

Mke wangu Dama aliniambia, "Wewe sema kiuno, Baba Neema. Kuna watoto pale." Lakini ndugu zangu, nikisema kiuno nitakuwa nimetoa ushuhuda wa mtu mwingine!

Mimi ni Karisa, nakaa Junju. Shule niliiacha darasa la saba, au shule iliniacha mimi, hatujaelewana mpaka leo. Nilikuwa fundi wa kuezeka makuti. Nikawa naanguka. Naanguka naezeka, naezeka naanguka, mpaka shemeji yangu akasema, "Huyu atafutiwe kazi ya chini." Ndiyo nikapata kazi ya usafi kwenye hospitali moja upande wa Kilifi. Ndugu zangu, nilijiona! Narudi nyumbani na sare ya kijani, nanukia dawa, majirani wananiita daktari na mimi sikatai. Mzee mmoja alinitolea ulimi nimuangalie, nikamwambia apunguze chumvi.

Sasa nisikilizeni. Kule kazini kuna mifuko ya rangi. Mweusi ni wa takataka za kawaida, maganda ya ndizi na makaratasi. Wa manjano na mwekundu ni ya vitu vya wagonjwa, mambo ya damu na vidonda. Sindano haziingii kwenye mfuko wowote, zina sanduku lake gumu. Hayo nilifundishwa na nikayashika. Lakini mifuko ilikuwa ya kubahatisha, leo iko kesho haiko, na masanduku yalikuwa yakijaa mpaka sindano zinachungulia mdomoni. Basi sisi wa usafi tukawa na mtindo wetu. Mfuko ukijaa huufungi. Unaukalia kwanza. Hewa inatoka, unashuka chini, unaongeza takataka, unaukalia tena. Na katika kazi hiyo bingwa nilikuwa mimi! Mungu alinipunguzia masomo akaniongezea makalio. Hata watu wa wodi nyingine walikuwa wakiniita, "Karisa, njoo utukalie huu!" Nami naenda, nacheka, nakaa.

Glavu zile nene zilikuwa pea moja. Wa asubuhi anamwachia wa jioni, bado zina jasho lake. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tukisema Mungu anatulinda. Na kweli alikuwa anatulinda, ila tulikuwa tunampa kazi nyingi mno.

Siku hiyo niko kwenye kibanda cha takataka na mwenzangu. Huyu ni rafiki yangu sana, nitamwita Katana, kwa sababu ameniomba jina lake la kweli nisiliandike. Nikauona mfuko mweusi umefura. Mweusi, ndugu zangu, wa maganda ya ndizi! Nikageuka, nikakaa kwa uzito wote.

Nikaruka. Nikashika makalio. Katana akacheka akashikilia ukuta. "Siafu hao! Cheza, Karisa, cheza!"

"Katana, hebu niangalie nyuma."

Akaja anacheka, akaangalia. Akaitoa. Ilikuwa sindano na bomba lake, na ndani ya bomba mna damu kidogo.

"Ni ya nani hii damu?" nikauliza, kama vile Katana ndiye daktari wa zamu.

"Mimi nitajuaje? Nenda kaoshe na sabuni. Halafu mwambie Bi Zuhura."

Hapo akili yangu ikaanza kuzunguka. Wodi ile ina wagonjwa wa kila aina. Nilijaribu kukumbuka sura zao, nikawa nachagua: labda ni ya yule mzee mnene, yule anaonekana ana afya. Au ya yule dada aliyekonda? Basi nikaogopa. Nilioga chini ya mfereji na sabuni mpaka maji yakaanza kupungua, halafu nikaenda kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni msimamizi wetu wa usafi, mama wa Malindi mjini, Kiswahili chake kimenyooka mpaka mimi huogopa kumjibu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wasimama upande?"

"Nimejidunga sindano."

Ndugu zangu, hilo ndilo neno! Mtu wa hapa kwetu ukimwambia fulani anajidunga, haulizi sindano ya nini. Ni unga. Ni ile heroini inayotumalizia vijana. Lakini mimi kichwani nilikuwa na mfuko wangu tu.

Bi Zuhura akashika kifua. "Yaa Rabi! Tangu lini?"

"Sasa hivi."

"Hapa kazini?"

"Hapa hapa, kwenye kibanda cha takataka."

"Na wenzako? Nao wajidunga?"

"Wengi tu, Bi Zuhura. Ila hawasemi."

Akakaa kitako. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Na mwili mkubwa hivi! Nani angelidhani!" Mimi nikajua anasema makalio, nikaona haya. Akasema, "Sitakufukuza, mwanangu. Nenda nyumbani upumzike. Kesho uende Malindi, pana mahali wasaidia watu kama wewe. Siri yako ni yangu."

Nikamshukuru. Nikajua hospitali imepanga kila kitu. Lakini siri ile ilifika Junju kabla yangu! Bi Zuhura alimpigia Dama, kwa huruma tu, na Dama akampigia mchungaji.

Nafika nyumbani, sebule imejaa. Mchungaji yupo, akina mama wa maombi wapo, mtu amekalia hata ndoo yangu. Dama analia. Nikasema moyoni, watu hawa wananipenda! Sindano moja tu na wamekuja wote!

Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. "Pepo wa sindano, toka!"

"Amina!" nikasema.

"Mwachie mtumishi wa Mungu! Asirudie tena!"

"Amina! Nisirudie kabisa!"

Wakashangilia. Wakasema huyu ametubu. Mchungaji akanipandisha mkono wa shati, akaangalia mkono mmoja, akaangalia mwingine. "Mbona sioni alama?"

"Ni nyuma, mchungaji," nikasema. "Makalioni."

Dama akapiga yowe. "Anajidunga nyuma ili nisione! Baba Neema, nimekukosea nini?"

Ndugu zangu, nilichanganyikiwa. Nilikaa pale nimeegemea tako moja, nashindwa kuelewa kwa nini mke wangu anasema nimefanya makusudi. Nilijaribu kueleza habari za mfuko, lakini kila nikisema "kazini", wao wanasema "pole pole, usijilaumu". Mama mmoja akaniambia mwanawe pia alianza kazini. Nikamwambia pole. Nikamuuliza na yeye alikalia nini? Akahama kiti.

Asubuhi tukapanda matatu kwenda Malindi, mimi na Dama. Mahali penyewe tukapaona. Vijana wamekaa kwenye benchi, wamekonda, wengine wanajikuna. Nikasema, hawa wote wanafanya usafi hospitali? Kazi hii inaua! Mmoja akanisogezea nafasi.

"Kaa, mzee wangu."

"Nitasimama."

"Wajidunga wapi?"

"Makalioni."

Akawaita wenzake. "Eti huyu mzee ajidunga makalioni!" Wakaja kuniangalia kama ng'ombe wa mnada. "Yashika kweli huko?" Nikawaambia iliingia yote. Wakatikisa vichwa kwa heshima.

Ndani tukamkuta dada mhudumu, mpole, hana haraka. Akaniuliza natumia mara ngapi kwa siku.

"Mara ngapi? Dada, mimi niliukalia mfuko mara moja tu!"

"Mfuko gani?"

Huyo dada alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza mfuko gani. Wa kwanza! Nikamweleza yote, mfuko mweusi, bomba, ile damu. Akaweka kalamu chini.

"Kaka, wewe hukujidunga. Wewe umedungwa. Ni lini?"

"Jana mchana."

"Na hakuna aliyekupa dawa? Tuko na siku tatu tu, zikipita dawa haizuii tena. Na hata hizo si za kungojea, kila saa inayopita ni hasara. Simama, twende ukapimwe sasa hivi."

Dama alikuwa bado hajaelewa. "Kwa hivyo hatumii unga?"

"Hatumii, dada. Lakini huenda ameingiwa na virusi vya Ukimwi."

Nilimuona mke wangu anafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, uso haujui uende wapi. Akanishika mkono. Ndipo nikaelewa kwamba hii si hadithi ya kuchekesha. Neema wetu bado ananyonya. Nikiugua, nitawaambukiza. Nikifa, wataachwa na kofia yangu na sare ya kijani.

Nikapimwa, nikawa sina kitu. Lakini wakanieleza kwamba kipimo cha siku hiyo kinaonyesha nilivyokuwa kabla ya mfuko. Cha mfuko kitaonekana baadaye. Sikuelewa. Nikauliza tena. Wakaeleza tena. Nikasema nimeelewa, nikameza kidonge cha kwanza hapo hapo.

Mwezi mzima nilimeza. Vile vidonge, ndugu zangu! Tumbo linageuka, kichwa kama redio isiyoshika stesheni. Na maneno ya watu yakawa mengi. Mmoja ananiambia tupa dawa, ulishaombewa. Mwingine ananiambia maombi yale yalikuwa ya unga, hayahesabiki, uombewe upya. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa! Kanisa limeomba niache heroini, mimi nina sindano ya takataka. Je, Mungu alipokea lipi? Alisikia maneno au aliangalia makalio?

Nikamuuliza mchungaji. Alifikiri sana, yule mtu wa Mungu. Akasema, "Karisa, hata mimi sijui. Lakini meza."

Nikameza. Nyumbani tukaishi kwa kinga na kwa hofu. Dama anaamka ananigusa paji la uso kama mtoto. Nikitoka jasho tu, na huku kwetu joto unalijua, nasema dalili ndio zimeanza! Siku moja nilikohoa kwa sababu ya pilipili nikaaga watu.

Nikarudi kupimwa. Bado nikaambiwa nirudi tena. Halafu siku ya kipimo cha mwisho ikafika. Yule dada akasoma, akanitazama, akasema, "Huna kitu."

"Huna kitu ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri, kaka! Umepona hilo!"

Dama alikaa sakafuni akalia, na mimi nikakaa karibu yake, kwa matako yote mawili, bila kuangalia chini. Haleluya!

Na Bi Zuhura? Yule mama alipopigiwa simu kuelezwa, alipiga kelele, "Ole wangu, kumbe kadungwa!" Hakulala vizuri kwa wiki. Aliniomba msamaha mbele ya wote, halafu akaingia ofisi za wakubwa na hakutoka mpaka wakamsikia. Sasa masanduku ya sindano yanabadilishwa kabla hayajajaa. Kila mtu ana glavu zake nene na buti zake. Tumechanjwa chanjo ya homa ya ini, na mimi nikaomba wanichome begani. Kuukalia mfuko ni marufuku, ubingwa wangu umeisha. Na ukidungwa, unapelekwa kwenye dawa kwanza, maelezo baadaye, na hakuna wa kukucheka.

Ndugu zangu, mimi mambo mengi bado sijayaelewa. Sijui ile damu ilikuwa ya nani. Sijui Mungu alitafsiri vipi yale maombi. Ninachojua ni kwamba alinipeleka mahali ambapo si pangu, kwa watu waliodhani mimi ni mwingine, na huko huko akaniwekea mtu wa kuuliza mfuko gani. Nakushukuru, Baba! Na wewe unayesoma, unayefagia wodi, unayefua mashuka ya wagonjwa, nesi unayekimbia na trei, mtumaini yeye aliyeniona mimi. Lakini unapomtumaini, fungua mdomo useme. Sema siku hiyo hiyo. Ukisema vibaya, sema tena!

Siku niliyotoa ushuhuda huu kanisani, watu walicheka, wakalia, wakacheka. Katana alikuwa amekuja, yeye ambaye kanisani haji. Alikaa nyuma na hakucheka hata mara moja. Tulipotoka akanivuta kando, akanisubiri nimalize kusalimiana na watu, kisha akasema, "Karisa, mwenzio sindano ilinichoma kidoleni kabla ya mvua. Tangu hapo simkaribii mke wangu, naye anadhani nimepata mwingine. Kesho utanisindikiza?"