Torgils Hovdenes, Mtu wa Kutoka Kabla ya Amina

Tarehe 31 Mei, saa sita mchana, nyumba yetu ya sala ilipoteza majibu ya maombi. Ndiyo saa aliyostaafu Ndugu Torgils Hovdenes, mtunza nyumba wetu kwa miaka ishirini na tisa, magoti yakiwa yamegoma. Tangu hapo tumefanya maombi kumi na moja. Majibu: sifuri. Bibi Borgny, mjane wa pale juu ya gati, bado analala na beseni kitandani kwa sababu paa linavuja.

Torgils hakuwa na sura ya mlokole. Hakuwahi kusimama kushuhudia, na gari lake halikuwa na kibandiko cha samaki, ile alama ya Wakristo; yetu yote thelathini na manne yanacho. Kibaya zaidi, kila tulipoinama kumwombea mtu, alivaa buti akatoka. Tumwombee mgonjwa, Torgils nje. Tumwombee kondoo aliyenasa mwambani, Torgils nje. Basi mimi na wazee wawili tukaketi kuiombea roho yake iliyopoa, naye yupo. Hatujafika mbali, akainuka.

"We Torgils, wapi tena? Tunakuombea wewe!"

"Loo! Mimi nimesikia 'mwenye shida' tu, Mwenyekiti, nikafuata ngazi."

Hata hapo hatukung'amua. Tulijisifu kwamba hakuna kisiwa kinachojibiwa upesi kama chetu. Maombi yetu huchukua dakika ishirini na mbili, nimeyapima. Kondoo alirudi zizini dakika ya kumi na tisa. Nikachora bango kwa mkono wangu, nikalipigilia mlangoni: HAPA MUNGU HUJIBU KABLA YA AMINA.

Siku ya kumuaga, nilipolalamika kwamba majibu yamekatika, Bibi Borgny akacheka hadi akashika meza. "Jamani, jibu lenu lilikuwa linakuja na ngazi! Likinywa kahawa kwangu, likikataa keki."

Bango nimeling'oa. Misumari minne.

Ndugu Torgils, miaka ishirini na tisa umetuacha tujisifu bila kutustua. Hilo sitalisamehe upesi. Lakini asante. Uishi raha, uvue samaki, na ngazi uziangalie kwa mbali.

Na ninyi wengine: Alhamisi ni zamu ya kuliombea paa la Borgny, mara ya nne. Safari hii nitapanda mimi. Anatakiwa mmoja wa kushika ngazi chini. Nani? Sitaki "tutaona" wala "Bwana akipenda". Nataka jina, kabla ya Jumatano saa sita mchana.