Maziko Yasicheleweshwe: Kumkumbuka Daktari Dalenda wa Sfaksi

Wasikilizaji wapendwa, leo ni arobaini ya Daktari Dalenda. Nyumbani kwao hapa Sfaksi, pwani ya Tunisia, nyuma ya soko la samaki, kuskusi imekwishaiva na viti vimepangwa uani. Anayepokea watu mlangoni ni kaka yake Mongi, mwenye kinu cha mafuta ya zeituni. Tumeketi naye tangu asubuhi, na tutakayowasimulia tumeyapata kinywani mwake.

Dalenda alikuwa daktari wa kuchunguza ubongo. Hakutibu mtu. Umri wake wote aliutumia kwa kijisehemu kimoja kidogo ndani ya kichwa, kwenye usawa wa masikio. Wataalamu hukiita hipokampasi. Kimejikunja kama yule farasi mdogo wa baharini anayenaswa kwenye nyavu zetu. Hapo ndipo mambo mapya hupokelewa ili yakumbukwe. Swali la Dalenda lilikuwa moja tu: je, seli mpya za ubongo huota humo hata mtu akizeeka? Kwa panya jibu linajulikana, huota. Kwa binadamu mzee, wataalamu wanabishana mpaka leo.

Mongi alikuwa akimtania. "Wenzako wamesoma wanang'oa meno, wanapata nyumba. Wewe umesoma ukawe mchinja panya."

"Na wewe umekaa kinuni mpaka unanuka kama kopo la samaki. Mkeo hasemi?"

"Mke wangu hana pua, ndiyo maana nilimuoa."

Mama yao, Bi Aljia, alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha Bi Aljia akaanza kusahau. Ilianza sikukuu ya Idi, alipopika mchuzi wa zabibu na vitunguu, akasahau kumloweka samaki wa chumvi. Walimla hivyo hivyo, kila mtu na gilasi yake ya maji mkononi. Baadaye akamsahau Dalenda. Binti alikuwa akimchana nywele, mama akageuka akamtazama.

"Binti wa nani wewe? Una mikono mizuri."

"Binti wa Aljia."

"Aljia ana bahati," mama akasema, akarudisha kichwa achanwe.

Lakini mama alimjua Mongi mpaka siku ya mwisho. Jambo hilo lishikeni, wasikilizaji wapendwa. Dalenda alisahauliwa. Mongi hakusahauliwa.

Sasa kazi ya Dalenda ilikuwa na haraka yake. Seli changa ni dhaifu. Mtu akishakufa, alama zake hufifia upesi, kwa hiyo ubongo lazima uingie kwenye dawa mapema, siku ile ile. Na sisi huku tunazika siku ile ile. Ndiyo maana Dalenda alikuwa na sheria yake: maziko yasicheleweshwe. Alikwenda mwenyewe kwa wafiwa, akavua viatu, akaketi nao mkekani, akauomba ubongo wa marehemu mara moja tu. Akikataliwa, alisoma Fatiha akaondoka. Akikubaliwa, maiti ilirudi kwa waoshaji kabla maji hayajapoa.

Mama yake alikuwa amemruhusu zamani, akili ikiwa bado timamu. "Nikifa uchukue, mwanangu. Siku hizi wala siutumii."

Bi Aljia alipofariki, Mongi alisimama mlangoni pa chumba akaziba njia.

"Kichwa hiki hakifunguliwi, Dalenda. Mimi nimo humo."

"Na mimi nimepotelea humo, kaka. Nataka kujua nimepotelea wapi."

Mongi hakusogea. Dalenda akaenda jikoni kuinjika maji ya kumkoshea mama yake.

Hawakugombana. Sahani za Idi ziliendelea kupita kutoka nyumba hii kwenda ile. Ila utani ulikwisha.

Mwaka huu Dalenda akashikwa na saratani ya ini. Mongi alianza kwenda kumwona kila alasiri baada ya kufunga kinu. Alimpa habari: mjukuu ameota jino, mzeituni wa kona umezaa kuliko wenzake. Siku moja alikuwa akimmenyea chungwa, Dalenda akasema:

"Nikifa watakuuliza wewe."

"Achana na maneno hayo."

"Nimewaomba watu wengi wakiwa na msiba, kaka. Ukisema hapana, itakuwa niliwataka watoe nisichokitoa mimi."

Mongi akaendelea kumenya.

"Basi walau menya vizuri. Unaacha nyuzi," Dalenda akasema. Ndipo wakacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu mama yao afariki.

Alifia hospitalini, jua limeshachomoza. Raouf, aliyefanya kazi naye maabara, alikuwa amesimama ukumbini na sanduku lake la barafu. Simu ya Mongi ikalia. Ni shangazi yao.

"Mongi, maji yako jikoni. Mnamleta au hamumleti?"

Raouf akasogea. "Kaka Mongi, naomba mara moja tu. Ndivyo alivyotufundisha."

Mongi akauliza, "Alasiri haitatupita?"

"Haitatupita."

Mongi alishusha simu kutoka sikioni. "Basi mchukueni. Polepole na kichwa chake. Hapendi kuvutwa nywele."

Akakaa kwenye benchi la ukumbi, tasbihi mkononi, mpaka walipomrudishia dada yake. Alasiri ilipoadhiniwa, jeneza lilikuwa tayari mbele ya imamu.

Wiki iliyopita Raouf alimwita maabara. Akamwekea chini ya darubini kipande chembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Katika giza la humo ndani Mongi aliona vidoa vya kijani, vyenye vimiguu vyembamba. Vilikuwa vichache.

"Ndizo hizo?"

"Ndizo. Changa. Za wiki kadhaa, pengine miezi michache. Hatujamaliza ubishi wa watu kwa kichwa kimoja, lakini kwake yeye zipo."

"Na vile alivyokuwa mgonjwa?"

"Na vile alivyokuwa mgonjwa."

Mongi hakuondoa jicho. Raouf alidhani haelewi, akataka kumweleza upya. Mongi akamzuia kwa mkono.

"Nimeelewa. Hizi zimeota mimi nikiwa pale. Namenya chungwa."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mongi, tunampa pole shangazi, na Raouf na wenzake maabara. Tunazipa pole pia nyumba zote za mji huu ambazo Dalenda aliketi kwenye mikeka yao, zilizokubali na zilizokataa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na wewe unayetusikiliza, huenda jioni hii yupo nyumbani kwako mtu atakayegeuka akuulize wewe ni binti wa nani. Usikasirike. Mjibu, umalize kumchana nywele. Kesho akiuliza tena, mjibu tena.