Wasifu wa Verna Ruth Gagnon, Pamoja na Habari ya Vibuyu vya Mwaka 1993

Ndugu, jamaa na majirani wa Tarbell Hollow,

Mimi ni Royce Stebbins, mdogo wake marehemu, jirani yake wa uzio mmoja kwa miaka arobaini na sita, na adui yake kwa miaka ishirini na mitano ya mwisho. Wasifu huu nimeuandika kwa kuwa marehemu aliagiza niuandike mimi. Msidhani ni mapenzi. Tazameni mapajani mwa binti yake, Corinne. Ile ni chupa ya mbegu za boga la mama yetu. Nisipoeleza leo, mbele yenu nyote, habari ya vibuyu vya mwaka 1993, chupa ile inashuka naye kaburini. Mbegu nyingine safi za boga lile hakuna popote, maana marehemu hakuwahi kumpa mtu hata moja. Corinne anakaa ghorofa ya sita huko Boston, hana hata kopo la udongo, na tangu kanisani ananitazama kama mtu anayepima mahali pa kurushia. Basi tuanze.

Marehemu Verna Ruth alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1941, katika nyumba ile ile ya mbao aliyofia. Asubuhi hiyo sakitu ya kwanza, ile baridi inayougandisha umande, ilikuwa inatishia, na mama yetu, Hattie Stebbins, alikuwa akiyaingiza maboga ghalani. Aliingiza toroli la mwisho, akanawa mikono, akamzaa. Verna alijivunia habari hiyo maisha yake yote, kana kwamba yeye ndiye aliyelisukuma toroli. Mimi nilizaliwa Machi 1946, wakati wa matope, na sijasikia mtu akisimulia lolote.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini na kumaliza sekondari Juni 1959, wa tatu darasani. Wa kwanza na wa pili walihama, kwa hiyo alizoea kusema alikuwa wa kwanza. Mimi niliishia darasa la nane, lakini trekta zote za bonde hili zimepita mikononi mwangu na hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza cheti. Akiwa na miaka kumi na miwili marehemu alipata utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho ya wilaya kwa boga la kilo kumi na moja. Samadi ya boga hilo niliibeba mimi, kwa ndoo, nikiwa na miaka minane. Utepe ulitundikwa jikoni. Ndoo haikutundikwa.

Septemba 1961 aliajiriwa mpishi katika shule ya mji, akapika hapo miaka ishirini na tisa, hadi Juni 1990. Alilisha watoto mia tatu kwa siku na hakuna aliyethubutu kubakiza. Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hakuna kuonja kabla ya sala, hata mpishi mwenyewe. Ya pili, pua haidanganyi. "Napika kwa pua," alikuwa akisema, "ulimi ni wa wavivu." Na nyumbani, majani yakianza kuwa mekundu, jiko lake halikupoa hadi Krismasi: tufaha zikichemka na mdalasini, viazi-sukari vikihifadhiwa kwenye chupa, supu ya boga, mkate wa mahindi, na siku ya mwisho kabisa pai. Nakiri alijua kupika. Sijasema alijua kuishi na watu.

Tarehe 12 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Armand Gagnon, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, mtu wa maneno manne kwa siku, na mawili kati ya hayo yalikuwa "Ndiyo, Verna." Walijaliwa mtoto mmoja, Corinne, mwaka 1966. Shemeji Armand alitutoka mwaka 2006. Sasa kwa kuwa hawezi tena kugombezwa naweza kusema: kila Novemba, Sikukuu ya Shukrani, tangu ugomvi wetu hadi alipokufa, alinipitishia kipande cha pai juu ya uzio, kimefungwa kwa gazeti. Tangu 2006 sijala pai ya boga lile.

Na hapo ndipo tunafika.

Mama yetu alifariki Februari 1993. Boga lake, lile dogo la rangi ya chungwa lenye mistari ya kijani kwenye kikonyo, alilipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Mbegu zote alimwachia Verna. Mimi, niliyemchimbia shamba lile miaka thelathini, aliniachia toroli. Mwaka huo huo nikapanda vibuyu vya mapambo, vile vyenye chunusi ambavyo watu hupanga barazani, mashimo kumi na moja, upande wangu wa uzio. Kwa asiyelima, nieleze. Vibuyu vile na boga la mama ni jamaa wa damu. Nyuki akitoka huku akaingia kule, boga la mwaka huo huwa tamu kama kawaida, huwezi kujua kitu. Zikipandwa mbegu zake mwaka unaofuata, ndipo uchungu hutoka.

Tarehe 24 Novemba 1994, Sikukuu ya Shukrani, tulikuwa watu kumi na tisa mezani kwa Verna. Maboga ya mwaka huo yalikuwa na chunusi. Aliyaona. Alisema ngozi si kitu. Akapika pai sita kwa pua, akaweka sukari, karafuu na tangawizi, hakuonja. Bata mzinga akaliwa, pai zikaja. Mchungaji Tuttle ndiye aliyepewa kipande cha kwanza.

"Verna," akasema, macho yamejaa machozi, "umetia nini humu?"

"Boga, mchungaji. Na upendo."

Mimi nilikuwa nimeonja tayari. "Upendo umeungua, dada," nikasema.

Watu wakacheka. Hilo ndilo hakulisamehe, nadhani, kuliko uchungu wenyewe. Akatia kijiko mdomoni, akakirudisha sahanini. Mchungaji akaenda msalani na hakurudi hadi kahawa. Verna akachukua pai zote sita, akazimwaga kwenye lundo la mboji, akasimama dirishani akiitazama baraza yangu ambako vibuyu vya mwaka uliotangulia vilikuwa vimetundikwa vikavu.

"Royce. Vile ulipanda wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Ardhini, dada. Ulitaka viote darini?"

"Toka nyumbani kwangu."

Nikatoka. Tangu siku hiyo familia hii ina meza mbili. Kwangu mwaka wa kwanza walikuja watano, kisha wakaja watatu, mwishowe mimi na mbwa, na mbwa naye alikuwa akisikiliza upande wa pili. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba vilikuwa vya mapambo tu, na kwamba nyuki si wangu. Nimelisema hilo dukani, kwa kinyozi na mlangoni pa kanisa.

Marehemu alikuwa amebakiza konzi moja ya mbegu za mwaka 1992. Akaanza upya nazo. Na ili asinitegemee tena, kila Julai, jioni, alipita shambani akifunga kwa uzi kila ua litakalofunguka kesho. Alfajiri akarudi, akafungua ua dume, akalipaka kwenye ua jike, akalifunga tena kabla nyuki hajaamka. Miaka ishirini na mitano. Mimi nilikuwa nikinywa kahawa yangu barazani nikimwangalia. Julai hii iliyopita magoti yalikuwa yamekataa, akawa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuiburuta kutoka ua hadi ua.

"Dada," nikamwita, "unafunga maua au unayafungisha ndoa?"

"Nafunga mlango," akasema bila kugeuka. "Mwizi anakaa jirani."

Agosti moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa hospitali mara mbili, akakataa ya tatu. Oktoba kitanda chake kikasogezwa dirishani, na siku moja Corinne akaja kunigongea. "Mjomba, Mama anataka vitunguu saumu vipandwe kabla ardhi haijaganda. Mimi sijui. Anasema uje, lakini usiingie ndani." Nikaenda. Nilipanda mistari mitatu, yeye akinifokea kupitia dirishani.

"Kina hicho! Unazika vitunguu au unazika mbwa?"

"Vikichipuka utaniambia."

"Sitakuwepo, we mpumbavu. Ndiyo maana nataka vipandwe sawa."

Nilipomaliza kufunika kwa majani makavu, akaniita karibu na kioo. Alikuwa amebaki macho na pua.

"Utasema?"

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Vilikuwa vya mapambo, Verna."

"Basi nitaondoka na mbegu," akasema, na akavuta pazia. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Alifariki Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2019, saa kumi jioni, watoto wa mtaa wakipita mlango hadi mlango kuomba peremende, kama desturi ya siku hiyo, na maboga yao yaliyochongwa meno.

Sasa Corinne amesimama, naona. Kaa kidogo, mwanangu, kaburi halikimbii.

Mama alinifundisha nikiwa na miaka tisa kwamba kibuyu na boga lake havikai bonde moja. Nilijua. Nilipima hatua kutoka uzio hadi mashimo ya maboga ya Verna, zilikuwa kumi na nne. Nilitaka boga lile lisiwe lake kama halikuwa langu. Na siku ile mezani nilijua kabla ya mchungaji kunyanyua uma, na nilikula kipande changu kwanza ili niwe tayari na mzaha. Mgongo ule mliouona umepinda ndani ya jeneza haukupindwa na uzee. Niliupinda mimi, kila Julai kwa miaka ishirini na mitano, nikinywa kahawa. Sikusema, kwa sababu kila mwaka uliopita uliongeza uzito wa kusema. Vibuyu vilikuwa vya makusudi. Ameshinda. Andikeni.

Toroli sijalisamehe. Hilo nalo andikeni.

Marehemu ameacha binti mmoja, Corinne. Wajukuu wawili, Adele na Marcus. Mdogo mmoja, ambaye mmeshamsikia. Mistari mitatu ya vitunguu saumu. Na maboga kumi na saba ghalani, yasiyo na chunusi hata moja, ingawa ni ya kula tu, si ya mbegu, maana yalichavushwa na nyuki Agosti, yeye akiwa hospitali. Sikukuu ya Shukrani ni tarehe 28 ya mwezi huu. Meza itakuwa moja, kwenye nyumba yake, kama Corinne atanifungulia. Pai nitaipika mimi, na nitaionja mimi kwanza, nimesimama, mkinitazama, kabla ya sala. Anayetaka kucheka acheke.

Corinne, mpe mjomba wako chupa.

Na wewe lala, dada. Julai nitaamka mimi.