Samaki wa Beseni la Kijani

Wariara alikuwa anapara samaki, kisu kikitoka mkiani kuelekea kichwani na magamba yakimrukia mpaka usoni, Thuo alipopaza sauti kwamba amemwona kwenye simu. Hakuinua kichwa. Benchi la Kamere, pale mashua zinapofikia, limehamishwa mara mbili kwa sababu ziwa limekuwa likilifuata, lakini kila likihamishwa watu ni wale wale: Thuo, anayeitwa Spika kwa kuwa huamua nani aongee, na hakuna anayemsikiza, Balwant, fundi wa pampu za maji, ambaye hata wajukuu wake humwita Singa, na Jepkoech, mwenye thamosi na vikombe, ambaye kahawa yake ndiyo inawaweka pale. Wariara, ambaye wao humwita mama Wambaire, hakai benchini. Ana kigoda chake kando, na mabeseni mawili. La bluu hufunikwa kwa gunia lililoloweshwa, na ndani yake mna samaki wachache wa mashua iliyovua katikati ya ziwa. La kijani huwa wazi. Samaki wake ni wengi na wa bei rahisi, kwa kuwa wanatoka kwa watu wanaovua kwa miguu kwenye matete, pale mtaro unapomwaga maji ya vyoo na ya kuoshea magari. Watu wa benchi wanaokula samaki hununua wa bluu. Wapita njia huuziwa wa kijani. Hakuna siku watu walikaa chini wakapanga hivyo.

— Nakwambia umeandikwa, mama Wambaire! Na picha iko.

— Na nani? — Wariara akauliza.

— Sue. Yule mathe mzungu wa kule juu kwa mabati mekundu. Si huwa anaandikia wageni wenzake kwa mtandao? Gesi inauzwa wapi, bauza ya nani inaleta maji safi, barabara gani imekatika.

— Soma basi, Spika, — Jepkoech akasema. — Unatuonyesha simu kama tiketi.

Thuo alisoma Kiingereza kimoyomoyo, akawa anawatolea Kiswahili vipande vipande. Sue ameandika kwamba magazeti yanasema ziwa limepanda kwa sababu ya mvua, na yeye anataka kuambiwa zaidi ya hapo. Ameandika kwamba mtaro unanuka mpaka kwake. Amewaonya wageni wasiguse samaki wa matete hata wakipewa bure.

— Hapo amesema ukweli, — Balwant akasema.

— Ngoja, bado. Anasema hivi: muulize anayekuuzia samaki imetoka wapi. Mimi nilimuuliza Wariara, mama wa watoto watatu kama mimi, na akaniambia zake ni za ndani ya ziwa. Namwamini. Binti yangu Lynn amefika na mtoto ambaye anaanza kula, na samaki ya kwanza ya maisha yake itatoka kwa beseni ya kijani ya Wariara.

Kisu kikasimama.

Hakuwa amemwambia. Hilo ndilo alilokimbilia kwanza: hakuwa ametamka neno. Siku ile Sue aliuliza kwa Kiswahili chake cha polepole, cha kusomea, na Wariara, aliyekuwa ameacha mtoto na homa nyumbani, alinyoosha kisu tu kuelekea maji ya mbali. Ilikuwa rahisi kuliko kuongea. Sue akashukuru. Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata pia, na kila akirudi kulikuwa na sababu mpya ya kutosema.

— Sasa wewe ni staa, — Jepkoech akamwambia. — Watu watakuja na basi.

— Basi gani? — Thuo akamkatiza. — Mnafikiria hizi ni sifa? Huyu mama anajua. Huwezi kuishi hapa miaka yote hiyo na pua yako iko sawa na usijue. Huo ni mtego.

— Mtego wa nini?

— Akishamsifu, wanakuja watu wa serikali na vichupa. Wanapima. Wakipata uchafu, ziwa linafungwa.

— Kwa kufuli gani, Spika? — Jepkoech akauliza. — Ziwa limeingia mpaka choo ya chifu.

— Nisikize! Ziwa likifungwa, nani atauza samaki? Mwenye friji kubwa. Na nani ana friji kubwa kule juu?

— Friji yake mimi nimeitengeneza, — Balwant akasema. — Ni ndogo. Inaingia maziwa na dawa ya mbwa.

— Hiyo ni ya kuonyesha mafundi! Ile kubwa hukuonyeshwa.

— Wewe Thuo unaongea tu. Mimi nakwambia shida yake ni kisima. Maji yake yananuka tangu mwaka jana. Nimefungua pampu, nimefunga, pampu haina makosa. Mtaro unaingia kwake chini kwa chini. Sasa anatafuta mtu wa kulaumu.

— Kwa kumsifu?

— Anaanza na kusifu. Huko kwao ndio adabu.

— Kweli, — Jepkoech akasema. — Hao hawakutukani. Wanakusifu mpaka unahama mwenyewe.

Walicheka. Wariara alirudi kwenye samaki wake, lakini alikuwa anapara upande ule ule aliokwisha kuupara.

— Mama Wambaire, si useme kitu, — Thuo akamwambia, sauti ikiwa imeshuka kidogo. — Kwani samaki ya mtaro imeua nani? Ikikaangwa moto sawasawa inakuwa samaki tu. Hata nasikia hiyo maji inazipa nguvu. Ndio maana ni nono.

— Basi leo nikufungie hiyo.

Thuo akanywa kahawa kwanza.

— Si nilikuambia asubuhi uniwekee mbili? Zile zangu. Za bluu.

Balwant aliinua mikono yote miwili.

— Mimi kwangu ni dengu, samaki sili. Sina kesi.

— Una kesi, Singa, — Wariara akasema. — Umekaa hapo ukitazama mpaka ndevu zimekuwa nyeupe.

Balwant akaangalia viatu vyake.

Hapo ndipo gari dogo la Sue lilipoteremka, likasimama karibu na matope. Sue alitoka na kikapu chake cha kiondo, na nyuma yake mwanamke kijana mwekundu kwa jua la siku moja, aliyekuwa amejifunga mtoto kifuani. Thuo, aliyekuwa ametoka kumzulia Sue friji kubwa, ndiye aliyesimama wa kwanza kumpisha.

— Karibu, mathe. Karibu sana. Keti.

— Hamjambo wote? Wariara! Umeona nimekuandika?

— Nimeona. Asante.

— Huyu ndiye Lynn. Na huyu ndiye mlaji wetu. Leo nataka sita, za hapa kijani.

Lynn alikuwa amesimama akiyainamia mabeseni. Alitazama inzi waliotua kwenye la kijani, akatazama gunia lenye maji, akamuuliza mama yake kitu kwa Kiingereza. Wariara alimaliza kidato cha nne. Alielewa kabla ya kutafsiriwa.

— Lynn anauliza, — Sue akasema, akitabasamu, — kwa nini ile unafunika na hii hufuniki?

Jepkoech alichukua thamosi akamiminia kikombe ambacho hakuna aliyekiomba, yakatoka matone mawili, akaendelea kuiinamisha. Mtoto alinyoosha mkono kuelekea samaki, na Lynn akaurudisha, taratibu.

Wariara akaondoa gunia. Akawatoa samaki wa beseni la bluu mmoja mmoja, akawafunga kwenye gazeti, wale wawili wa Thuo wakiwemo, na wale watatu aliokuwa amejiwekea. Thuo aliwaona wakiingia kikapuni. Alikohoa tu.

— Lakini hizi si za watu wako? — Sue akauliza.

— Ni za mtoto. Chukua hizi.

— Na za kijani?

Maneno ya ukweli yenyewe yalikuwa mafupi. Hata Kiswahili cha Sue kingeyabeba. Wariara aliyapanga mdomoni, akamtazama yule mtoto, akamtazama Sue.

— Si nzuri leo.

Alisikia lile neno la mwisho likitoka. Hakuna aliyemlazimisha kuliongeza.

Sue alimshika bega, magamba yakamng'ang'ania vidoleni, naye hakujali.

— Unaona? — akamwambia binti yake kwa Kiingereza. — Si nilikuambia ni mwaminifu?

Gari lilipopanda mlima, benchi lote lilikuwa linatazama ziwa. Wariara akalisukuma beseni la kijani kwa mguu mpaka mbele yao.

— Spika. Mbili zako hizi hapa.

— Aki nimekumbuka, nyumbani kuna maharagwe.

— Jepkoech?

— Kahawa imeisha, — Jepkoech akasema, kana kwamba ndilo aliloulizwa, akaanza kukusanya vikombe. Kimoja kilikuwa bado mkononi mwa Balwant.

Wariara alilibeba beseni mpaka nyumbani. Akaliweka nyuma ya nyumba, akalifunika kwa bati na jiwe kwa sababu ya paka. Hakuwa amelimwaga. Kesho ilikuwa na unga wa kununua kama leo. Akaosha mikono kwa sabuni, akainusa, akaosha tena. Halafu akasonga ugali na kukaanga sukuma wiki.

Mwaura, mume wake, alirudi kutoka shamba la maua, akavua buti mlangoni.

— Mama, leo hakuna samaki? — Gatheru, mtoto wa kati, akauliza.

— Zimeisha.

— Si nimeona beseni nje imejaa?

— Hiyo si ya kula.

— Sasa ni ya nini?

Wambaire, mkubwa wao, ambaye Jumamosi humsaidia mama yake kuuza, alimpiga mdogo wake kiwiko. Mwaura aliinua macho, akayarudisha kwenye sahani.

— Kula, — Wariara akasema. — Ugali inapoa.

Akawagawia mboga, akajiwekea iliyobaki, akawahesabu kwa macho kama kila jioni: Mwaura, Wambaire, Gatheru, na Kabiru mdogo aliyekuwa ameanza kusinzia juu ya meza. Wote walikuwepo. Hakuna aliyekuwa anamtazama.