Sista Kiti na Wodi Isiyoombwa

Mama tunayemzika leo alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili. Ukoo ulizoea kusema tu kwamba yuko hospitali, kisha mazungumzo yakahamia kwingine.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa nne wa dereva wa lori na mshona nguo. Alikuwa mkimya tangu utotoni, na baba yake alimtania kwamba amepewa masikio ya watu wawili ili kinywa kipumzike.

Alimaliza sekondari mwaka 1984 akaingia chuo cha uuguzi. Kama wenzake wote aliomba wodi ya uzazi. Majina yalipobandikwa ukutani akajikuta amepangiwa wagonjwa wa akili, na siku hiyo alijifungia bafuni akalia mpaka mwenzake akamgongea.

Aliajiriwa katika wodi hiyo mwaka 1988, na hakuhama. Baadaye akawa anapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Somo lake la kwanza lilikuwa moja: vuta kiti, kaa ubavuni mwa mgonjwa, msikilize. Ndipo wakambatiza Sista Kiti. Wao viti walivivuta, lakini kuelekea mlangoni. Walikuja wamekumbatia mikoba yao na kuondoka wakimshukuru Mungu. Mmoja alimwambia bila kuficha, "Mwalimu, mama akisikia nimepangiwa huku atadhani nimeadhibiwa." Kila kundi lilipoaga aliwauliza nani atarudi afanye kazi naye, na kila kundi likatazama sakafu. Alichoka. Hilo lazima lisemwe, maana watu wakishakufa huwa tunawapa nguvu ambazo hawakuwa nazo.

Tarehe 5 Desemba 1992 aliolewa na fundi seremala. Wakwe walitaka kwanza kuhakikishiwa kwamba ugonjwa ule hauambukizi, na mama mkwe alimkodolea macho mwaka mzima kila aliposhika kisu jikoni. Uzeeni kumbukumbu zilipompotea, bibi huyo huyo hakukubali kuogeshwa na mtu mwingine.

Mwaka 2022 alipokea binti mmoja wa mwaka wa tatu, mwoga kupindukia. Siku moja mgonjwa mrefu alisimama ghafla. Binti akatoka mbio, akafunga mlango kwa nje, funguo mkononi, na kumwacha mwalimu wake ndani na wagonjwa wote. Sista Kiti alisogea mlangoni akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, mvua inaingia. Alisimama kufunga dirisha. Ukitulia, tufungulie." Ilimchukua muda kutulia, kisha akafungua. Wenzake walimcheka, akataka kuacha chuo, na kesho yake mwalimu akamkabidhi funguo zile zile mbele yao.

Mwaka uliofuata moyo wa marehemu ulianza kushindwa kazi. Miguu ilivimba, ngazi zikawa adui. Daktari alimtaka apumzike, naye akaomba kwanza apatikane wa kushika nafasi yake. Nafasi ilitangazwa, ikatangazwa tena, na hakuna aliyeomba. Mumewe alimwambia kwamba wodi haitakufa, atakayekufa ni yeye. Akajibu, "Nikitoka bila muuguzi, wataniwekea mlinzi pale. Unajua mlinzi anafanya nini na mtu anayelia?" Fundi alimtengenezea kigoda cha kuegeshea miguu kazini.

Februari mwaka huu wa 2024 alilazwa. Ijumaa ya tarehe 8 Machi yule binti, sasa muuguzi kamili, alikuja kumwambia kwamba ameiomba wodi. Mgonjwa hakufurahi upesi. Alishachoka na ahadi. "Usiniombee kazi kwa huruma," alisema. "Nenda kalale. Kesho ukiamka bado unaitaka, njoo uniambie."

Alifariki alfajiri ya Jumamosi. Binti alifika asubuhi na jibu lake, akakuta kitanda kinabadilishwa shuka. Alimwambia mume wa marehemu badala yake, pale koridoni, kwamba bado anaitaka. Mzee alimshika mkono.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, dada zake wawili, wagonjwa ambao jamaa zao waliacha zamani kuja kuwaona, na muuguzi mmoja atakayeingia wodini Jumatatu. Apumzike sasa, kwa amani. Zamu imepokelewa.